Msaada: babu mzaa babu ana baba wawili kwenye hukumu mbili za baraza, Ujiji 1931 na 1938

#1 Mwana Rusimbi

Wakuu, salaam.

Nina nakala mbili za hukumu zilizotoka kwenye sanduku la bati la marehemu babu, Ujiji. Zote zinamhusu baba yake, yaani babu mzaa babu. Majina nayafupisha kwa herufi. Ukoo wetu mkubwa, na humu hawakosekani.

Ya kwanza ni ya 1931, baraza la Liwali, mkuu wa mji aliyewekwa na serikali. Huyo babu mzaa babu (humu namwita "babu" tu) kaandikwa "bin M." Anamdai dada yake nyumba ya marehemu baba yao, mzee M. Baraza likagawa: mafungu mawili kwa babu, fungu moja kwa dada. Dada ndiye aliyekuwa akiishi humo, basi akabaki, na babu akawa analipwa kidogo kidogo.

Ya pili ni ya 1938, na kichwani hakuna Liwali. Safari hii mdai ni dada. Anataka haki yake kwenye michikichi iliyoko milimani, upande wa Mwandiga. Babu yule yule, dada yule yule, lakini sasa kaandikwa "bin S." Anajitetea kwamba ile michikichi haimhusu mzee M. hata kidogo, ni mali yake kwa upande wa baba yake S. Akashinda, ila akaamriwa ampe dada madebe mawili ya mawese kila msimu.

Yaani kwenye nyumba ni mtoto wa M., kwenye michikichi ni mtoto wa S. Babu yangu mwenyewe, yaani mwanawe, alipokuwa hai ukimuuliza anajibu "yale yalikwisha", anaomba maji ya kunywa. Wajuzi wa mambo haya, nisomeeni.

#2 Mgebuka

Siti ya mbele. Kahawa na kashata nimekuja navyo.

#3 Dagaa Mkavu

Mkuu hapo hakuna fumbo. Karani wa baraza alikosea. Hao makarani walikuwa wanaandika jina kama walivyolisikia, mtu ana meno matatu anataja jina la baba yake, unategemea nini? Kwenye kadi yangu ya kliniki mwenyewe nina majina ya mtu mwingine.

#4 Karani Mstaafu

Dagaa, kukosea jina ni "Saidi" kuwa "Sahidi". M. hawi S. kwa bahati mbaya, na utetezi mzima wa 1938 umesimama juu ya huyo S. Hilo si kosa la kalamu.

Mwana Rusimbi, kitu kimoja umekitaja ukakipita haraka: hukumu ya pili haina Liwali. Angalia vizuri kichwa cha karatasi. Baraza la Liwali pale mjini lilikuwa linawahukumu watu wa Ujiji, wengi Waislamu, na mirathi ikienda kwa sharia. Ukitoka nje ya mji ukapanda milimani uko kwa Waha, na baraza la huko linafuata mila ya Kiha. Yote mawili yalikuwa mahakama za wenyeji chini ya sheria ya 1929, ile iliyoziondoa kwenye mkono wa Mahakama Kuu na kuziweka chini ya maofisa wa utawala. Kwa hiyo babu yako hakusimama mbele ya watu wale wale mara mbili. Inawezekana kabisa wale wa 1938 hawakuwahi kuiona karatasi ya 1931.

#5 Mwana Rusimbi

Karani, shikamoo. Nimeiangalia. Juu kuna neno limefutika na muhuri umeingia maji, ila chini pametajwa "desturi ya nchi". Ya 1931 mwishoni imetaja sharia na mashahidi walikula yamini.

#6 Karani Mstaafu

Marahaba. Basi ndiyo hivyo.

#7 Matoborwa

Nipo Tabora, nawasoma ninyi watu wa mwisho wa reli. Huku kwetu jambo hili halishangazi mtu. Kwa Wanyamwezi wa zamani, mwanamume akichukua mke bila kutoa mahari, watoto hesabu yao ni kwa wajomba. Akija kulipa baadaye, wanahamia kwake. Shangazi wa mama yangu ana karatasi ya baraza la mtemi, Unyanyembe, ambapo baba mzazi anadai watoto wake mwenyewe kwa mjomba wao na anaambiwa alete ng'ombe kwanza. Mtoto mmoja katikati ya kesi alikuwa anaitwa majina mawili, inategemea umelala nyumba gani.

Mimi nasema S. ni mjomba.

#8 Binti Heru

Matoborwa, asali yenu tunaipenda lakini msilete mila za Unyanyembe kwenye vilima vya Buha. Kwetu mtoto anafuata baba. Kasulu mjomba hakupi shamba.

Halafu tuambiwe, S. ni jina la wapi? Mwana Rusimbi, huhitaji kulitaja, sema tu ni jina la Kiislamu, la Kimanyema au la Kiha.

#9 Mwana Rusimbi

M. ni la Kimanyema, kwetu asili ni ng'ambo ya ziwa, Kasongo. S. ni la Kiha, tena Kiha hasa.

#10 Binti Heru

Asante, nimemaliza kazi yangu hapa 😀

Ardhi ya huko juu enzi hizo mgeni hakuingia tu na jembe. Mwenye kugawa alikuwa mteko, ndiye anayejua mipaka na mizimu ya mahali. Mmanyema wa mjini akitaka kupanda michikichi alihitaji mwenyeji wa kumshika mkono na kusema "huyu ni mtoto wangu". Akishasema hivyo mbele ya watu, wewe ni mtoto wake, unamsalimia hivyo, unamzika hivyo. S. ni baba wa shamba. M. ni baba wa damu. Babu yako hakudanganya popote.

#11 Mgebuka

Baba wa shamba! Mimi natafuta baba wa kiwanja Mwanga, mwenye nafasi aje inboksi.

#12 Kadhi wa Mtaa

Assalaam alaykum. Mimi si kadhi, jina tu.

Nawaomba mrudi kwenye mafungu ya 1931, kwa sababu hesabu yake inasema zaidi ya maneno. Mbili kwa moja ni mgao wa mtoto wa kiume na wa kike wa marehemu mmoja, hakuna mjane aliyebaki wala mzazi. Angekuwa mtoto wa kulea asingerithi kitu, labda angeusiwa, na wosia hauvuki theluthi ya mali. Yeye kapewa theluthi mbili. Angekuwa ndugu wa dada huyo kwa mama tu, kwenye mali ya M. asingekuwa na fungu kabisa. Kwa hiyo Liwali alimwona ni mtoto wa M. kwa nasaba, hakuna njia nyingine ya kuifikia hesabu hiyo kwa sharia.

Ila sijasema Liwali alionyeshwa ukweli. Nimesema alichokiona.

#13 Lulanguru

Mwana Rusimbi, ile ya 1931 inataja fedha gani?

#14 Mwana Rusimbi

Inasema mzee M. aliinunua nyumba kwa rupia 90. Malipo ya babu kutoka kwa dada ni shilingi.

#15 Dagaa Mkavu

Aha! Rupia mwaka 1931? Karatasi ya kughushi hiyo. Rupia iliondoka na Mjerumani.

#16 Lulanguru

Punguza kasi. Rupia ndiyo bei aliyonunulia, huko nyuma. Shilingi ndiyo malipo ya wakati wa hukumu. Karani mkweli angeandika hivyo hivyo. Shilingi ya Afrika Mashariki imeanza 1921, na kabla yake palikuwa na florini kwa muda mfupi sana. Rupia ya Mjerumani tangu 1904 ilikuwa heller 100, kabla ya hapo pesa 64. Sasa ukikuta shauri linataja rupia na pesa, jua biashara ile ni ya kabla ya 1904. Likitaja rupia na heller, ni baadaye. Hiki ni kipimo kizuri kuliko tarehe zenyewe, watu husahau miaka ila bei hawasahau.

Na kwa faida ya watu wa Tabora: mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, Wajerumani walijipigia sarafu wenyewe kwenye karakana ya reli Lulanguru. Za shaba nyeupe kwa nyekundu za heller 5 na 20, na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Ukiwa nayo hiyo ya tembo usiende kuiuza kwa bei ya mkufu.

#17 Matoborwa

Lulanguru ndiko kwetu hasa, nimechimba pale mpaka karanga za watu. Tembo sijamwona.

#18 Kisanduku

Samahani, nitasema jambo ambalo wengine mnalizunguka. Ujiji ya karne ya kumi na tisa ilikuwa kituo cha misafara, na Kasongo na Nyangwe ndiko watu walikokuwa wanatolewa. Mtu aliyekuja na bwana wake aliandikwa jina la bwana, na watoto wake pia. Mimi kwetu ipo, hatuioni aibu: babu yetu alikuwa "bin" tajiri mmoja hadi alipokufa, na tajiri mwenyewe hakuwa baba yake. Mjerumani alipofuta utumwa mwaka 1897 watu wengi walibaki na majina yale yale. Mwana Rusimbi, M. huenda ni bwana, S. ni baba.

#19 Mwana Rusimbi

Kisanduku, nakuheshimu, lakini babu yangu usimwite mtumwa kwa karatasi mbili ulizosimuliwa. Sisi ni waungwana wa Kasongo na tuna nasaba imeandikwa.

#20 Kisanduku

Sijamwita. Nimesema huenda. Na hao "waungwana", kaka, ulizia vizuri jina hilo lilivyotumika kwenye misafara.

#21 Lulanguru

Tupoe kidogo. Kwanza kusahihisha mwaka: 1897 ni Zanzibar, amri ya Sultani. Huku bara Mjerumani hakufuta. Alichofanya ni amri ya 1904, kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru, na alikuwa anatoa hati za uhuru kwa wanaokombolewa. Hali yenyewe ya utumwa imefutwa kisheria na Mwingereza mwaka 1922.

Ndiyo maana miaka ya 1930 huwezi kukuta baraza linaandika "mtumwa wa fulani" hadharani. Ukiwa na dai la namna hiyo unalivika nguo nyingine.

#22 Kadhi wa Mtaa

Na hata kwa dhana ya Kisanduku hesabu haikai. Kama babu alikuwa mtu wa M. tu, si mwanawe, binti angechukua nusu yake na iliyobaki ikaenda kwa wanaume wa ukoo wa M. Babu asingepata kitu. Kuna njia moja tu: mama yake awe suria wa M. Mtoto wa suria kwa bwana wake ni huru na anarithi sawa na wenzake. Hapo S. anaweza kuwa mume aliyemwoa mama baadaye, akamlea kijana.

Sijui kama hii inamfurahisha Mwana Rusimbi zaidi au pungufu.

#23 Mwana Rusimbi

Nipeni muda ninywe chai.

#24 Mtaa wa Livingstone

Mimi nina swali la pembeni. Wabelgiji walikuwa Kigoma wakati gani? Mzee wetu alipigwa viboko na Bulamatari, hao hao Wabelgiji, na tunatafuta kesi yake.

#25 Lulanguru

Waliingia Kigoma na Ujiji 1916, Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo, wakaondoka Kigoma Machi 1921 walipowaachia Waingereza. Wakabaki na kipande cha bandari kwa pango la faranga moja kwa mwaka, ndiyo ile Belbase wazee wa Kigoma na Dar wanaikumbuka. Karatasi zao za utawala tafuta Brussels, usizitafute Dar.

#26 Mgebuka

Faranga moja kwa mwaka! Na mimi chumba Gungu mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkononi.

#27 Karani Mstaafu

Turudi kwenye mada kabla wasimamizi hawajaja.

Mwana Rusimbi, dada alishindwa 1938 na hakuonekana mtu wa kukubali kirahisi. Angalia kama alikata rufaa. Ngazi ilikuwa hivi: kutoka baraza unakwenda kwa Bwana DC, kutoka kwake kwa mkuu wa jimbo, na mwisho Gavana. Mawakili hawakuruhusiwa kwenye mabaraza hayo, kwa hiyo utakuta barua kaandika mwandishi wa barazani, kwa ada, na ndani kuna maneno ya mdai mwenyewe yaliyo matamu kuliko hukumu. Miaka hiyo Kigoma ilikuwa ndani ya Jimbo la Magharibi, makao yake Tabora. Watu wengi wanahangaika Kigoma wakati jalada lilikwenda Tabora, na majalada ya majimbo mengi sasa yapo Nyaraka za Taifa, Upanga, mtaa wa Vijibweni. Yenye umri zaidi ya miaka 30 kwa kawaida hufunguliwa. Nenda na kitambulisho, sema unatafuta nini, usiseme "historia ya ukoo wangu" ukanyamaza. Sema jimbo, wilaya, rufaa za mahakama za wenyeji, mwaka.

Rejista zenyewe za baraza ni bahati. Mwaka 1964 mahakama za mwanzo zilipoanza, zilirithi madaftari ya mabaraza, na hapo yalipangwa kwa namba ya shauri na mwaka, si kwa jina. Nakala yako lazima ina namba pembeni. Hiyo namba ina thamani kuliko majina yote mawili ya baba.

#28 Binti Heru

Wengine tuliwahi kukuta madaftari ya mahakama moja, siitaji, yanafungia karanga sokoni. Nilinunua karanga za shilingi elfu mbili ili nipate kurasa. Nikapata talaka za watu nisiowajua na kesi moja ya ng'ombe aliyepewa mtu kutunza, ndama ni wa nani. Hiyo ya ndama ni kesi ya Buha yote.

#29 Dagaa Mkavu

Bado nasema karani.

#30 Matoborwa

Na mimi bado mjomba.

#31 Mchikichi

Hakuna aliyeuliza michikichi yenyewe. Mimi nimezaliwa Mwandiga. Huku mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: shamba la fulani, michikichi ya fulani mwingine aliyeipanda, na wote wanapita njia moja. Kwa hiyo "kwa upande wa S." inaweza isiwe urithi. Inaweza kuwa ardhi ya S., miti ya babu. Halafu michikichi haikuanza juzi. Burton alipofika Ujiji Februari 1858 alikuta mawese yanauzwa. Swali ni nani alipanda, na lini. Hukumu inasema?

#32 Mwana Rusimbi

Inasema mashahidi wawili walisema "tulimwona akipanda". Mmoja ana jina la ukoo wa S.

#33 Mchikichi

Basi umeona. Na yale madebe mawili? Ukishinda moja kwa moja hutoi mawese kila msimu. Wazee waliona dada ana kitu chake pale, wakakosa pa kukiweka kwenye sheria.

#34 Kadhi wa Mtaa

Au ni suluhu. Wazee wa baraza hawakupenda ndugu watoke na uadui.

#35 Mjukuu wa Bibi

Habarini. Nimejiunga leo, nimetumiwa kiungo cha uzi huu na binamu. Mimi ni upande wa dada. Yule mnayemwita dada ni mama mzaa bibi yangu. Namfahamu Mwana Rusimbi, ni mtoto wa mjomba kwa mbali, tumeonana msibani.

Kwetu inasimuliwa hivi. Babu yenu hakuwa mtoto wa M. Alikuwa mtoto wa S., Mha, na mzee M. alimchukua akiwa mdogo akafanya naye biashara ya chumvi na mawese. Mzee M. alipofariki alibaki na binti mmoja tu. Kadhi wa Mtaa ameshasema: binti nusu, nusu ya pili kwa wanaume wa ukoo. Wanaume hao walikuwa ng'ambo, Kasongo, na walishaanza kutuma salamu. Bibi, yaani huyo dada, akaona bora aseme mbele ya Liwali "huyu ni kaka yangu", wageni wakose. Aliyefungua shauri ni babu yenu, lakini walipanga pamoja. Ahadi ilikuwa kwamba nyumba itabaki mkononi mwa bibi, na kwa hasara yake atapewa nusu ya michikichi. Malipo ya shilingi hayakuwahi kulipwa hata senti.

Babu yenu akageuka. Bibi alipomshtaki 1938, naye akasema ukweli, kwamba ni bin S. Bibi atajibu nini? Akisema "sio, ni ndugu yangu", mila inampa mwanamume. Akisema "kweli si ndugu yangu", Liwali anamwuliza habari za 1931.

#36 Mgebuka

Nimemwaga kahawa.

#37 Kadhi wa Mtaa

Kwa hesabu, bibi alitoa tofauti ya nusu na theluthi, yaani sudusi ya nyumba, ili apate nusu ya miti. Si biashara mbaya kama ahadi ingetimizwa. Lakini kula yamini ya uongo kwenye nasaba ni jambo zito, sitakubali haraka kwamba watu wawili wa Ujiji wa wakati ule walilifanya kwa ajili ya nyumba.

#38 Kisanduku

Kwa ajili ya nyumba watu wanafanya makubwa hata leo, sheikh.

#39 Binti Heru

Mjukuu wa Bibi, karibu. Ila upande wenu nao mna faida kwa hadithi hiyo. Kama hakuwa mtoto wa M., nyumba yote ni yenu.

#40 Mjukuu wa Bibi

Sikukataa hilo.

#41 Mwana Rusimbi

Mkuu, nakukumbuka, msiba wa Buzebazeba. Kwetu tulilelewa kusema shangazi yule alikuwa dada wa damu, na kwamba michikichi aliitaka baada ya mumewe kufilisika. Nasaba yetu iliyoandikwa inaanzia M. Aliyeiandika ni nani sijui, wino ni wa kalamu ya kisasa, nikiri hilo. Una karatasi yoyote, au ni simulizi?

#42 Mjukuu wa Bibi

Ninayo moja. Ya 1940. Imeandikwa Tabora.

#43 Karani Mstaafu

Nilisema rufaa! Nilisema Tabora!

#44 Mwana Rusimbi

Ipige picha uiweke hapa, wajuzi waisome.

#45 Mjukuu wa Bibi

Nitaiweka. Lakini kwanza njoo inboksi, kuna habari ya ile nyumba. Tumesikia mmeanza kutafuta mnunuzi.